Kulinganisha mbegu za ngano na shayiri kwa majaribio ya mashambani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wiki chache kabla ya mashine za kupandia kuingia shambani, swali huwa ni lile lile: safari hii tupande mbegu gani? Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakulima na maafisa ugani wa maeneo ya ngano na shayiri: Narok, Nakuru, Uasin Gishu na Timau kule Kenya, Hanang, Karatu, Monduli, Mbeya, Njombe na Rukwa kwa Tanzania, pamoja na majirani wa Kapchorwa na Kabale nchini Uganda. Nimetembea kati ya ploti, yaani vile vipande vidogo vya majaribio, misimu mingi nikiwa na daftari na mizani, na jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: usimuulize mtu mbegu ipi ni bora kabla hujamweleza shamba lako liko wapi.

Majaribio ya mikoa ni kitu gani hasa?

Ni kupanda mbegu zile zile, kwa kipimo kile kile na mbolea ile ile, katika vituo na mashamba kadhaa yanayotofautiana kwa mvua, udongo na mwinuko, kisha kuvuna na kupima kote kwa utaratibu mmoja. Mbegu zinaweza kuwa kumi na tano, ishirini au zaidi. Ndani yake huwekwa moja au mbili ambazo wakulima wa eneo hilo wanazipanda tayari. Hizo ndizo mbegu za kipimo. Bila mbegu ya kipimo huwezi kujua kama tani nne kwa hekta ni kazi ya mbegu mpya au ni mvua ya mwaka huo iliyombariki kila mtu.

Watafiti wenyewe hufanya majaribio yao: shirika la utafiti wa kilimo KALRO kwa Kenya, taasisi ya utafiti wa kilimo TARI kwa Tanzania kupitia vituo kama Uyole mkoani Mbeya na Selian mkoani Arusha. Halafu kuna yale ya vyombo vinavyosimamia mbegu, KEPHIS ya Kenya na TOSCI ya Tanzania, ambayo mbegu lazima iyapitie ndipo iruhusiwe kuuzwa. Hapo hutazamwa mambo mawili mbalimbali. La kwanza ni utambulisho: je, mbegu hii ni ya pekee, inafanana yenyewe kwa yenyewe shambani, na inabaki vile vile kizazi hadi kizazi? La pili ni utendaji wake shambani, yaani mavuno, magonjwa, muda wa kukomaa. Mkulima anapouliza kuhusu majaribio, kwa kawaida anauliza hili la pili.

Jirani yangu alivuna magunia 24 kwa ekari. Kwa nini nisipande tu alichopanda yeye?

Huenda ukafanya vizuri. Ila kabla ya kukimbilia mbegu yake, muulize alipanda tarehe ngapi, shamba lilikuwa na nini mwaka uliotangulia, alipiga dawa ya kutu (ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngano) mara ngapi, na hayo magunia yalipimwa kwenye mizani au yalihesabiwa kwa macho yakiwa juu ya trela.

Hata ndani ya shamba moja, ardhi hailingani. Angalia mahali palipokuwa na boma la ng'ombe zamani. Miaka kumi baada ya boma kuhamishwa, ngano ya pale bado ni ya kijani kuliko nyingine, inanenepa, inapanda hadi kifuani, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kulala mvua kubwa ikipiga. Ukiweka mbegu A pale na mbegu B mita hamsini kando, umelinganisha samadi ya ng'ombe waliokwisha kuchinjwa, hukulinganisha mbegu.

Ndiyo maana kwenye majaribio kila mbegu hupandwa zaidi ya mara moja, kwa kawaida mara tatu au nne. Shamba hugawanywa katika mafungu, kila fungu likawa na mbegu zote, na nafasi ya kila mbegu ndani ya fungu ikapatikana kwa kura. Mbegu ikiangukia penye boma katika fungu la kwanza, katika la pili itaangukia kwingine. Utaratibu wa kupiga kura ulitiliwa nguvu na Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 kwenye kituo cha Rothamsted, Uingereza. Kabla yake, William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alikuwa akihangaika na swali hili hili kwa ajili ya shayiri: ikiwa nina ploti chache tu, nitajuaje tofauti ninayoiona si bahati? Hesabu aliyoitoa mwaka 1908, akitumia jina la Student, bado hutumiwa hadi leo. Napenda kuwakumbusha vijana wanaoanza kazi hii kwamba hesabu hizo hazikuzaliwa ofisini kwa ajili ya kusumbua watu. Zilitokana na shida ya kuchagua shayiri.

Ploti moja ni kubwa kiasi gani, na hupandwaje?

Mara nyingi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ploti ya kawaida ya ngano huwa na mistari sita iliyoachana sentimita 20, urefu wa mita tano hivi. Hizo ni mita za mraba sita. Kwa udogo huo, kosa dogo huwa kubwa. Kijana akikata njia kati ya ploti akala sentimita 30 za urefu, ameondoa asilimia sita ya ploti, na kama hakuna aliyepima upya kabla ya kuvuna, mbegu hiyo imeadhibiwa kwa kosa lisilo lake.

Jambo jingine ni kilo za mbegu. Kilo zile zile si idadi ile ile ya punje. Ukitaka punje 250 kwa mita ya mraba na punje elfu moja za mbegu yako zina uzito wa gramu 40, unahitaji kilo 100 kwa hekta. Mbegu yenye punje ndogo, gramu 32 kwa elfu, itahitaji kilo 80 tu. Ukipanda zote mbili kwa kilo 100, ile ndogo imepata miche mingi zaidi, na hujui tena unalinganisha nini. Kwa hiyo jaribio zuri huhesabu punje, kisha huongeza kidogo kulingana na uotaji. Mkulima naye angefanya hivyo: kuhesabu punje elfu moja mezani na kuzipima kwenye mizani ndogo ya dukani ni kazi ya nusu saa.

Pembeni mwa jaribio lote hupandwa mistari ya ulinzi isiyopimwa, maana mimea ya ukingoni hupata mwanga na nafasi kuliko wenzake. Na mbegu ndefu ikikaa karibu na fupi huikinga jua. Hilo halikwepeki kabisa. Kura na marudio hulipunguza.

Kutoka kwenye kijifuko cha kilo mbili hadi "magunia kwa ekari" mnafikaje?

Hebu tuifanye pamoja. Ploti ya mita za mraba sita imevunwa, imepurwa, imepepetwa, na punje zina kilo 2.4. Kipimo cha unyevu kinaonyesha asilimia 17. Ngano ya kuhifadhi huhesabiwa kwa asilimia 13 hivi, kwa hiyo lazima maji ya ziada yaondolewe kwenye hesabu: 2.4 mara 83 gawanya kwa 87, unapata kilo 2.29. Kwa hekta hiyo ni kama tani 3.8. Kwa ekari ni kilo 1,544, sawa na magunia 17 ya kilo 90 na kidogo.

Usipoondoa maji, hesabu ile ile itakupa magunia 18 kamili. Karibu gunia zima kwa kila ekari ni maji matupu. Sasa fikiria mbegu inayochelewa kukomaa, iliyovunwa siku moja na ile ya mapema kwa sababu gari la kituo lilikuwa na safari moja tu. Bila kipimo cha unyevu, inayochelewa itaonekana bingwa. Ukipewa jedwali lolote, uliza kwanza: unyevu ulisawazishwa kuwa asilimia ngapi? Asiyeweza kukujibu, mshukuru, kisha liache jedwali lake.

Kumbuka vilevile kwamba ploti haipotezi punje kama kombaini inavyopoteza, haina kona zisizopandwa wala alama za matairi. Mavuno ya ploti huwa juu ya yale ya shamba zima. Kwa hiyo usichukue namba ya jedwali ukaenda nayo benki kuombea mkopo. Tazama tofauti kati ya mbegu na mbegu. Hiyo ndiyo husafiri hadi shambani kwako.

Chini ya jedwali kuna namba inayoitwa tofauti ndogo ya kuaminika. Ina maana gani?

Ni mstari ambao wengi huuruka, na ndio wenye habari. Tuseme mbegu A imetoa tani 4.1 kwa hekta, B imetoa 3.9 na C imetoa 3.2, na chini imeandikwa kwamba tofauti ndogo ya kuaminika ni tani 0.5. Kati ya A na B pana tani 0.2 tu. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko zile zinazotokea kwa bahati tu ndani ya shamba lenyewe: ukirudia jaribio, B inaweza kuwa mbele. Kwa hiyo A na B umezikuta sawa, na utachagua kati yake kwa sababu nyingine kama kutu, bei ya mbegu au upatikanaji. Kati ya A na C pana 0.9, na hapo una haki ya kusema A ni bora, kwa eneo lile na mwaka ule.

Wauzaji wa mbegu hupenda kupanga mbegu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na jicho la msomaji hushika ya kwanza. Lakini ya kwanza na ya tano mara nyingi ziko ndani ya tofauti hiyo. Mimi huchora mstari kwa kalamu chini ya mbegu ya mwisho iliyo ndani ya kundi la juu, kisha nasahau nafasi zao.

Pana namba nyingine ya asilimia, inayoonyesha jinsi ploti za mbegu moja zilivyotofautiana zenyewe kwa zenyewe. Ikiwa asilimia 10 au chini, watu wa kituo walifanya kazi safi na shamba lilikuwa sawa. Ikikaribia 30, basi kulikuwa na jambo: maji yalituama, panya walikula, au palizi ilifika upande mmoja ikaacha mwingine.

Kwa nini mbegu iliyoongoza Njoro inaweza kushindwa Eldoret?

Kwa sababu mashamba hayo mawili hayaiulizi mmea swali moja. Sehemu nyingi za Uasin Gishu, uliko mji wa Eldoret, zina udongo wenye tindikali, na ndani ya udongo wa aina hiyo madini ya alumini huyeyuka na kuchoma ncha za mizizi. Mbegu isiyovumilia hubaki na mizizi mifupi, na jua likiwaka wiki mbili tu inasinyaa wakati maji yapo sentimita arobaini chini yake. Mbegu hiyo hiyo kwenye udongo wa volkano usio na shida hiyo inaweza kuongoza.

Mau Narok ni juu na baridi; mbegu ya siku 100 inaweza kuchukua wiki kadhaa zaidi, na kutu ya manjano, inayopenda baridi, huisumbua kuliko kutu ya shina. Nyanda za chini za Narok hupata joto zaidi na mvua ikikatika mapema, mbegu inayokomaa haraka huokoa msimu. Kwa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania hali ni nyingine tena: ngano hupandwa Februari na Machi, mvua zikielekea mwisho, ikamalizia maisha yake kwa maji yaliyobaki ardhini. Hapo mbegu yenye mizizi inayozama ina faida ambayo jedwali la kituo chenye mvua ya kutosha halitakuonyesha kamwe.

Mfano wa namba. Mbegu X katika vituo vitatu imetoa tani 5.2, 2.1 na 3.8. Mbegu Y imetoa 4.0, 3.4 na 3.7. Wastani wa zote mbili ni 3.7. Mwenye kusoma wastani peke yake atasema ni sawa, na atakuwa amekosea sana. X ni mbegu ya shamba zuri. Ukiwa na udongo mzuri na mvua ya kutegemewa, kwa nini ujinyime tani moja na zaidi? Y ni mbegu ya mtu ambaye mwaka mbaya ukimpiga hana akiba ya kununulia mbegu ya msimu unaofuata. Kwa wakulima wengi wadogo ninaowafahamu ningependekeza Y bila kusita. Ila mwenye uamuzi ni yule anayejua shamba lake linafanana na kituo kipi kati ya vile vitatu.

Basi usianze na safu ya wastani. Tafuta kwanza kituo kinachofanana na kwako kwa mwinuko, kwa udongo, kwa mwezi wa kupanda. Soma safu hiyo. Halafu ndipo usome wastani kama shahidi wa pili.

Kutu ya shina inaingiaje katika ulinganisho huu?

Kwa ukanda wetu, inaingia kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka 1998, katika kituo cha Kalengyere kusini magharibi mwa Uganda, ilionekana kutu ya shina kwenye ngano iliyokuwa na kinga ya jeni liitwalo Sr31, kinga iliyotegemewa duniani kwa miaka mingi. Kutu hiyo ikaja kuitwa Ug99. Baadaye ikaonekana Kenya na Ethiopia, ikavuka hadi Yemen, na kufikia 2007 ilikuwa imethibitishwa Iran. Upepo hauna pasipoti.

Tangu 2005, kituo cha KALRO Njoro kimekuwa uwanja wa kupimia kinga hiyo kwa dunia nzima, kwa kushirikiana na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano. Ngano za kutoka nchi nyingi huletwa pale, maelfu kwa msimu, misimu miwili kwa mwaka. Hupandwa katika mistari mifupi, na kuzunguka mistari hiyo hupandwa ngano dhaifu kwa makusudi, ili kutu ishike hapo na kusambaa kwa wengine. Mtu anayeingia huko mara ya kwanza hushtuka. Ukipita katikati ya ngano dhaifu wakati kutu imekomaa, suruali inatoka na rangi ya matofali kuanzia magotini kushuka chini. Ukiliminya shina kati ya vidole, ngozi yake imepasuka vipande virefu na unga mwekundu unabaki kwenye kidole gumba. Hatua moja kando yake unakuta mstari wa ngano ya kijani, shina safi, masuke yamejaa. Hapo huhitaji hesabu.

Kwenye jedwali kutu huandikwa kwa namba na herufi. Namba ni asilimia ya shina iliyofunikwa. Herufi huonyesha mmea unavyoipokea: R ni sugu, MR ni sugu kiasi, MS ni dhaifu kiasi, S ni dhaifu. Ukiona 60S, iache mbegu hiyo hata kama mavuno yake yanavutia, isipokuwa una hakika ya dawa na pesa ya kuinunua. 15MR inaishi na ugonjwa bila kuangushwa nao, na mimi huipenda kuliko ile iliyo safi kabisa, kwa sababu utakayoisoma katika jibu linalofuata.

Mbegu ikishaidhinishwa kuwa sugu, si itabaki sugu?

Hapana. Kenya Mwamba ilikuwa ngano nzuri na ilistahimili Ug99 kwa sababu ya jeni Sr24. Mwaka 2006 ikapatikana aina ya kutu iliyobadilika na kuishinda kinga hiyo, na 2007 mashamba ya Kenya Mwamba yakaliwa. Baadaye zikaja Robin na Eagle 10, zikapokelewa kwa furaha. Mwaka 2014 kutu ikawa imepata njia ya kuipita kinga ya Robin pia.

Mbegu haikubadilika. Adui ndiye aliyebadilika. Kinga inayotegemea jeni moja kubwa huwa safi kabisa, kisha huvunjika siku moja. Kinga inayojengwa kwa majeni madogo mengi huacha kutu kidogo ionekane, lakini ni ngumu kuvunjwa kwa mkupuo. Ndiyo sababu 15MR hainitishi. Na ndiyo sababu jedwali la kutu la miaka mitano iliyopita lisikuongoze leo, hata kama jedwali la mavuno la mwaka huo huo bado lina maana.

Nisubiri matokeo ya misimu mingapi?

Msimu mmoja ni uvumi, hata ukiwa na vituo vitano. Mwaka wa mvua nyingi huinua mbegu ndefu na za kuchelewa. Mwaka wa ukame huinua za mapema. Misimu miwili huanza kuwa na uzito, mitatu ni bora zaidi. Lakini ukishindwa kupata miaka mingi, vituo vingi ndani ya mwaka mmoja vina thamani kuliko marudio mengi katika kituo kimoja. Ningepewa ploti kumi na mbili za mbegu moja, ningeziweka tatu tatu katika maeneo manne, nisingezirundika kumi na mbili mahali pamoja.

Mbali na mavuno, nisome safu zipi?

Kulala kwa ngano. Mbegu iliyotoa tani tano lakini nusu yake ilikuwa imelala imevunwa kwa mkono na vijana wa kituo, suke kwa suke. Kombaini yako haitainama kuiokota.

Siku za kukomaa, na hapa pana jambo la ndege ambalo lisipoelezwa huonea mbegu njema. Kwelea kwelea na ndege wengine huvamia nafaka ya kwanza kuwa na maziwa. Katika jaribio, mbegu ya mapema ndiyo pekee iliyo tayari kwa wiki nzima, nao hushuka wote juu yake. Ploti ya mita za mraba sita huisha asubuhi moja. Jedwali litaonyesha mavuno madogo, na mtu atasema mbegu ya mapema haina faida. Shambani kwako, ukiipanda ekari ishirini sawa na majirani wako, hasara hiyo ingegawanyika. Soma maelezo ya chini: kama pameandikwa "ndege", usiihukumu mbegu hiyo kwa kituo hicho.

Uzito wa ujazo, yaani uzito wa punje zinazojaza chombo cha kipimo kimoja, huonyesha kama punje zimejaa au zimesinyaa. Msagaji hununua unga uliomo ndani ya punje, kwa hiyo ngano nyepesi hushushwa bei getini. Protini nayo, kwa ngano ya mkate, ikiwa juu ni vyema.

Kwa shayiri ya bia mambo ni yale yale?

Kwa shamba, ndiyo. Kwa soko, ni kinyume katika protini. Kiwanda cha kimea hutaka punje nene zinazolingana, zinazoota pamoja, na protini isiyozidi kiwango walichoweka. Kwa hiyo mbolea ya nitrojeni ya kuchelewa, ambayo ingeipendezesha ngano yako, inaweza kukurudishia lori zima la shayiri getini. Kama unalima kwa mkataba, kampuni ndiyo huchagua mbegu, na nafasi yako ya kulinganisha ni ndogo. Hata hivyo omba uone matokeo ya eneo lako.

Mbegu iliyoidhinishwa nchi jirani, naweza kuipanda huku?

Kisheria, kanuni za mbegu za COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) za mwaka 2014 huruhusu mbegu iliyoidhinishwa katika nchi mbili wanachama kuingia kwenye orodha ya pamoja; Kenya na Uganda zimo. Tanzania haimo COMESA, imo SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, ambako pia nchi mbili ndizo msingi wa kuingia kwenye orodha. Kubeba gunia la mbegu mpakani kwenye pikipiki ni kitu tofauti, na unaweza kubeba ugonjwa ndani yake.

Kishamba, mpaka haumaanishi chochote. Monduli inafanana na Narok kuliko inavyofanana na Njombe. Hata majina yamekaribiana: Kenya imezipa ngano zake majina ya ndege, Korongo, Tai, Kingbird, Tanzania ina Mbayuwayu na Chiriku. Mkulima wa Karatu anayo sababu nzuri ya kusoma jedwali la Narok akilipata.

Nataka kujaribu mwenyewe shambani kwangu. Nifanyeje nisijidanganye?

Fanya, tena kwa moyo wote. Hakuna kituo kinachofanana na shamba lako kama shamba lako.

Chagua mbegu mbili au tatu mpya na ile uliyoizoea. Zisizidi hapo. Panda kila moja kwa upana mzima wa mashine, mstari mrefu kutoka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine, ukifuata mteremko ili kila mstari upite juu na chini. Kisha rudia seti nzima mara ya pili, na ukiweza ya tatu, kwa mpangilio mwingine. Kwepa penye boma la zamani, kwepa chini ya miti. Siku ile ile, mbolea ile ile, dawa ile ile. Mara nyingi mkulima huipendelea mbegu mpya kwa kuimwagia mbolea ya DAP kidogo zaidi kwa sababu ameinunua ghali, na hapo jaribio limekufa kabla mvua haijanyesha.

Weka vigingi vya chuma, maana vya mti hubebwa kuni. Chora ramani, moja ibaki nyumbani. Msimu mmoja nilifika kwenye shamba la mzee mmoja, vigingi vyote vimeng'olewa na watoto wa kuchunga, na mtu pekee aliyejua mstari upi ni upi alikuwa amesafiri kwenda msibani. Tulisimama mbele ya ngano nzuri isiyo na majina, kombaini imekodiwa na inaunguruma. Tulivuna tu.

Wakati wa kuvuna, pitisha kombaini katikati ya kila mstari, upana mmoja wa kichwa chake, ukiacha kingo zote mbili. Subiri tangi liishe kabisa kabla ya kuingia mstari mwingine. Pima kila mzigo kwenye mizani, pima urefu uliovunwa kwa futi ya kamba, chukua kikombe cha punje kwa ajili ya unyevu, andika hapo hapo. Ukiandika jioni utakuwa umeshaanza kukumbuka unachotaka kukumbuka.

Matokeo yangu yakipingana na ya kituo, nifuate yapi?

Yakiwa ya msimu mmoja na mstari mmoja, fuata ya kituo. Yakiwa yamerudiwa misimu miwili au mitatu na yanaelekea upande ule ule, fuata ya kwako, na uyapeleke kwa afisa ugani au kituo kilicho karibu. Yabebe pamoja na ramani, tarehe ya kupanda na namba za mvua kama unazo. Nimeona mbegu ikiondolewa kwenye orodha ya mapendekezo ya eneo zima kwa sababu ya daftari la mama mmoja mkulima, lililokuwa na madoa ya chai na namba safi za misimu minne.